Kinga ya Nini?

Neno lenyewe ndilo lina shida. Hapa Nairobi mtu akikuuliza kama mlitumia kinga, unajua anaulizia CD, mpira, soksi, jina lolote ambalo mtaa wenu unaipa. Muuguzi mwenye kadi ya kupanga uzazi mkononi akiuliza swali hilo hilo, huenda anaulizia sindano ya miezi mitatu. Neno ni moja na halisemi linakinga nini. (Kwenye methali ya kinga na kinga ndipo moto uwakapo, kinga si ngao hata kidogo, ni kijinga cha moto. Haihusiani sana na makala haya. Nimeiweka kwa sababu naipenda.)

Tangu nitoke chuo bila karatasi, nimekula kwa kuandika makala za afya zinazolipwa kwa hesabu ya maneno. Swali ambalo marafiki huniuliza kuliko yote, wakidhani kuandika kumenifanya nusu daktari, ni hili: "Si niko kwa sindano? Kwani naweza shika nini?" Wanaume nao wana lao: "Alimeza P2, tuko fiti."

Jibu la kitabibu ni fupi. Sindano, kijiti cha mkononi, tembe, koili, P2, kufunga mirija, kuhesabu siku, kuchomoa mapema: hakuna hata moja inayokinga kisonono, kaswende, klamidia au virusi vya Ukimwi. Kondomu, ya kiume na ya kike, ndiyo inayofanya kazi zote mbili. Na hata hiyo, kwa magonjwa yanayopitia ngozi kwa ngozi kama malengelenge, HPV na vidonda vya kaswende, inakinga pale tu inapofunika. Makala ya kulipwa huishia hapo. Mteja anafurahi, anatuma pesa kidogo, anakupa kazi nyingine ya faida za parachichi.

Mimi kilichonishika ni kwa nini swali bado lipo. Wanaoniuliza si wajinga. Wengine wana digrii, kitu ambacho mimi sina. Nimeanza kuamini kwamba swali lao halitokani na kutojua biolojia. Linatokana na jinsi nchi hii ilivyojengwa: mimba iliwekwa kwa nyumba moja, magonjwa ya zinaa kwa nyingine, na kila nyumba ikapewa mlinzi wake, pesa zake na aibu yake. Ukiingia nyumba moja, hakuna anayekuambia kuna ile nyingine.

Tuanze na kondomu, kwa sababu haikuanza kama kitu cha kupanga uzazi. Daktari Mwitaliano Gabriele Falloppio, yule ambaye jina lake lilibandikwa kwa mirija ya uzazi, aliandika juu ya kaswende katika kitabu kilichotoka 1564, miaka 2 baada ya kifo chake. Alipendekeza kitambaa cha kitani kilicholowekwa dawa, na akadai alikijaribu kwa wanaume 1,100 bila hata mmoja kupata ugonjwa. Hesabu hiyo iamini ukitaka. Cha maana ni kwamba hakuwa na haja na mimba. Alikuwa anapigana na kaswende.

Karne 3 baadaye Marekani ilipitisha sheria ya Comstock, mwaka 1873, iliyokataza kutuma kwa posta vifaa vya kuzuia mimba na hata maelezo yake. Wauzaji wakafanya kile wauzaji hufanya. Wakaendelea kuuza kondomu, ila paketi ikaandikwa ni ya kuzuia magonjwa tu. Mwaka 1918 jaji wa New York, Frederick Crane, akaamua kwamba daktari anaweza kupendekeza vifaa hivyo kwa mgonjwa ili kuzuia ugonjwa. Kitu ni kile kile na kazi ni ile ile, lakini uhalali wake ulitegemea unakiita nani. Kisha 1960 serikali ya Marekani ikaidhinisha tembe ya kwanza ya kuzuia mimba, na hapo ndipo njia ziliachana kabisa. Sasa mwanamke angeweza kuzuia mimba bila mwanamume kujua, bila kitu chochote kusimama kati yao. Ukombozi mkubwa, sitaki mtu anielewe vibaya. Lakini kile kitu kilichokuwa kinasimama kati yao ndicho kilikuwa kinazuia magonjwa.

Kenya ilipokea hiyo habari ikiwa bado changa. Chama cha Family Planning Association of Kenya kiliundwa 1962, kabla hata bendera kupanda. Mwaka 1965 wizara ya mipango ya uchumi, waziri akiwa Tom Mboya, ilialika ujumbe wa Population Council kutoka New York uje uangalie hesabu za watu. Kufikia 1967 Kenya ilikuwa na mpango wa kitaifa wa kupanga uzazi, nchi ya kwanza kusini mwa Sahara kufanya hivyo. Angalia ni wizara gani iliyoita wageni. Si ya afya. Ni ya uchumi. Hofu ilikuwa shule, ardhi na ajira, na mwili wa mwanamke uliingia kwenye mazungumzo kama tarakimu ya mgawanyo.

Na tarakimu ilikuwa kubwa kweli. Utafiti wa uzazi wa 1977 hadi 1978 ulipata wastani wa watoto 8.1 kwa kila mwanamke. Shosho yangu alizaa tisa, kwa hivyo alipita wastani bila kujua kuna shindano. Yeye huniambia kwamba kliniki ilipofika upande wao, waliketi kwa benchi, wakaonyeshwa koili kwa ubao na vidonge kwa kadi, wakaulizwa idadi ya watoto. "Na babu aliulizwa nini?" nikamuuliza siku moja. Akacheka hadi akashika mbavu. Babu hakuitwa. Hilo ndilo jibu lote.

Hapo ndipo nyumba ya kwanza ilijengwa: kliniki ya akina mama. Mteja wake ni mke wa mtu, ana watoto kadhaa, anataka kupumzika. Njia zake ni zile ambazo zinafanya kazi bila baba: tembe, koili, sindano. Kwa kazi iliyopewa, nyumba hiyo ilifaulu vizuri sana. Wastani ulishuka hadi 6.7 katika utafiti wa kitaifa wa 1989, kisha 5.4 mwaka 1993. Wataalamu wa idadi ya watu kutoka nje walikuja kustaajabu. Lakini ukipekua ripoti hizo mbili kutafuta kondomu, unapata kwamba kati ya wanawake 100 walio kwenye ndoa hakufiki hata mmoja aliyesema ndiyo njia yao. Kumbuka 1993 Ukimwi ulikuwa umejulikana Kenya kwa karibu miaka 10.

Kondomu ilikuwa inakaa kwa ile nyumba ya pili.

Nyumba ya pili ilikuwa na anwani. Watu wa Nairobi wa umri fulani ukiwatajia Casino wanatabasamu au wanageuza uso. Casino ni kliniki ya jiji ya magonjwa ya zinaa, huko River Road, iliyoazima jina la sinema ya jirani. Jina lake rasmi lilikuwa la heshima, Special Treatment Clinic, lakini hakuna aliyelitumia. Ukionekana kwa foleni ya Casino hujaenda kupanga chochote. Umeshikwa. Waliopanga foleni walikuwa wanaume wengi, na wanawake ambao jamii ilishawapa jina.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980 watafiti wa Chuo Kikuu cha Nairobi na wenzao wa Chuo Kikuu cha Manitoba, Canada, walikuwa wakifanya kazi kupitia kliniki hiyo. Walikuwa wanafuatilia kisonono na pangusa, ule ugonjwa wa vidonda vinavyouma. Walipowauliza wanaume walikotoka, majibu yaliwaongoza hadi Pumwani, mtaa wa Majengo.

Majengo ina historia yake ndefu, na mwanahistoria Luise White aliiandika kitabu kizima mwaka 1990. Chini ya ukoloni wanawake waliofanya biashara ya ngono pale walitofautishana wao kwa wao: watembezi waliotafuta wateja barabarani, malaya waliosubiri chumbani na kumpa mteja chai, maji ya kuoga na mahali pa kulala, na wazi-wazi waliokaa mlangoni wakitaja bei. Baadhi walijenga nyumba zao kwa pesa hiyo. Kwa hivyo ukisikia watu wakizungumzia Majengo kama jaa la bahati mbaya, jua hao wanawake walikuwa wamiliki wa ploti wakati mababu zetu wengi walikuwa wanalala kwa kodi za wazungu.

Mwaka 1985 watafiti walipopima damu za wanawake 90 wa Nairobi wa biashara hiyo, matokeo yalichapishwa mwaka uliofuata na yakashtua dunia. Kati ya wale wa kipato cha chini, theluthi mbili walikuwa na virusi vya Ukimwi. Kisa cha kwanza cha Ukimwi Kenya kilikuwa kimeripotiwa 1984 tu. Yaani nchi ilikuwa bado inabishana kama ugonjwa upo, na Majengo tayari ilikuwa imejaa.

Hapa anaingia mtu ambaye naona angepewa barabara jijini: Elizabeth Ngugi, muuguzi, baadaye profesa. Hakuanza na hotuba. Aliitisha baraza, wanawake wakachagua viongozi wao wenyewe, na hao viongozi ndio waligawa kondomu na kuongea na wenzao. Wengi hawakuwa wamewahi kutumia. Matokeo yalitoka kwenye jarida la Lancet mwaka 1988: matumizi yalipanda sana, na waliotumia kondomu waliambukizwa kidogo kuliko wasiotumia. Wanawake ambao serikali iliwakamata usiku ndio walikuwa wa kwanza nchini kuthibitisha, kwa miili yao, kile ambacho kliniki ya akina mama haikuwa ikiwaambia wake za watu.

Lakini kondomu ina tatizo ambalo kila msichana anayesoma hapa analijua. Inavaliwa na mwanamume. Anaweza kukataa, anaweza kuongeza pesa ndiyo isivaliwe, anaweza kuitoa katikati. Ndiyo maana watafiti walitafuta kitu ambacho mwanamke angejiwekea mwenyewe, na wazo lililowajia lilionekana la busara kabisa: kwani dawa ya kuua mbegu za kiume haiwezi kuua virusi pia?

Dawa ilikuwepo madukani miaka mingi. Inaitwa nonoxynol-9, aina ya sabuni kali inayopasua ngozi ya seli ya mbegu. Mwaka 1985 ilionyeshwa kwenye maabara kwamba inaangamiza virusi vya Ukimwi ndani ya chombo. Basi kati ya mwishoni mwa miaka ya 1980 na mwanzo wa 1990 wanawake 138 wa Nairobi wanaofanya biashara ya ngono waliandikishwa kwenye utafiti. Wengine walipewa sponji yenye dawa hiyo, wengine kitu kisicho na dawa. Ripoti ilitoka 1992. Kisonono kilipungua kwa waliotumia sponji, hiyo ni kweli. Lakini walipata vidonda zaidi sehemu za siri. Na kati ya 60 waliofuatiliwa kwenye kundi la sponji, 27 walipata virusi. Kundi lile lingine, ni 20 kati ya 56.

Nimezisoma hizo namba mara nyingi kuliko inavyohitajika. Kitakwimu tofauti ya makundi hayo mawili haikutosha kusema sponji ndiyo mbaya. Lakini ukizijumlisha, wanawake 47 kati ya 116 waliambukizwa wakati wa utafiti. Huo si mchezo wa namba. Hao ni watu waliokuwa wakija kliniki, wakihesabiwa, wakiandikwa kwa daftari.

Dunia haikusikia vizuri. Ilichukua utafiti mwingine, wa karibu wanawake 900 wa Benin, Côte d'Ivoire, Afrika Kusini na Thailand, uliotangazwa kwenye mkutano wa Ukimwi wa Durban Julai 2000, kuonyesha kwamba waliotumia jeli ya nonoxynol-9 mara nyingi kwa siku waliambukizwa zaidi. Ile sabuni ilikuwa inachubua. Ilikuwa inaua mbegu, na kwa wakati huo huo inafungulia virusi mlango. Ukitaka mfano mmoja wa kuonyesha kwamba kuzuia mimba na kuzuia ugonjwa si kitu kimoja, ni huo, na sehemu yake ya kwanza iliandikwa hapa Nairobi.

Huku nje ya kliniki, kelele ilikuwa ya aina nyingine. Katikati ya miaka ya 1990 Kadinali Maurice Otunga aliongoza waumini kuchoma kondomu na vijitabu hadharani jijini. Rais Moi alitangaza Ukimwi janga la kitaifa Novemba 1999, lakini 2001, serikali yake ilipokuwa inapanga kuagiza kondomu milioni 300, alisema wazi kwamba anaona haya kutumia pesa kwa vitu hivyo, na akawaomba Wakenya wajizuie kwa miaka 2. Mnamo 2013 tangazo la televisheni lililoonyesha mwanamke sokoni akimshauri mwenzake mwenye ndoa atumie kondomu kwa mpango wake wa kando liliondolewa hewani baada ya viongozi wa dini kulalamika. Mimi naona hilo tangazo ndilo lilikuwa na ukweli kuliko yote. Lilikuwa limeivusha kondomu kutoka River Road hadi kwa mwanamke wa kawaida mwenye kikapu cha mboga. Labda ndiyo sababu liliudhi. Tuna mpango wa uzazi na mpango wa kando, na kwa lugha yetu hiyo mipango miwili hairuhusiwi kukutana.

Na bado kulikuwa na swali zito zaidi, ambalo lilianza kama mnong'ono. Mwaka 1991 watafiti wa Majengo waliripoti kwamba wanawake waliotumia tembe za kupanga uzazi walionekana kuambukizwa virusi zaidi ya wengine. Mombasa, kwenye kliniki iliyofuatilia wanawake wa biashara ya ngono tangu 1993, ripoti ya 1998 ilionyesha jambo kama hilo kwa waliokuwa kwa sindano ya Depo: hatari karibu mara mbili. Tena Oktoba 2011, utafiti wa jozi za wapenzi karibu 3,800 kutoka nchi 7 za Afrika, Kenya ikiwemo, ambapo mmoja ana virusi na mwenzake hana, ukapata hiyo mara mbili kwa waliotumia homoni, hasa sindano.

Sasa fikiria uzito wake. Utafiti wa kitaifa wa 2008 hadi 2009 ulionyesha kwamba karibu nusu ya wanawake wa ndoa waliokuwa wakipanga uzazi Kenya walikuwa kwa sindano. Wengine walipenda sindano kwa sababu haionekani: hakuna tembe chini ya godoro, hakuna uvimbe mkononi, mume hajui. Swali halikuwa tena kama kupanga uzazi kunakinga magonjwa. Lilikuwa limegeuka: je, kunaongeza? Ukiwaambia wanawake waache sindano bila uhakika, watapata mimba wasizotaka, na wengine watakufa wakijifungua au wakitoa mimba kwa siri. Ukinyamaza na kumbe ni kweli, umewachoma wewe mwenyewe na virusi.

Shida ya tafiti zote hizo ni kwamba zililinganisha watu waliojichagulia. Mwanamke aliye kwa sindano ana sababu ndogo ya kudai kondomu, si mimba ameshaizuia? Basi huwezi kujua kama ni homoni iliyofanya mwili uwe dhaifu, au ni kondomu iliyobaki kwa droo. Njia pekee ya kujua ilikuwa kura.

Kura hiyo ilipigwa. Utafiti wa ECHO ulianza Desemba 2015 ukaisha Oktoba 2018, vituo 12 katika nchi 4: Afrika Kusini vituo 9, kisha Zambia, Eswatini, na kimoja Kisumu chini ya KEMRI. Nelly Mugo, daktari na mtafiti Mkenya, alikuwa miongoni mwa waliouongoza. Wanawake 7,829 wa miaka 16 hadi 35, wasio na virusi, wanaotaka kupanga uzazi, walikubali kupangiwa njia kwa bahati nasibu: sindano ya Depo, koili ya shaba au kijiti cha mkononi. Kuna wanaharakati waliopinga, wakisema mwanamke hapaswi kuchaguliwa njia ya uzazi na kompyuta. Naelewa hasira yao. Lakini bila hiyo kura tungekuwa bado tunabishana.

Matokeo yalitoka Juni 2019. Hakukuwa na tofauti kubwa ya maambukizi kati ya njia hizo tatu. Vichwa vya habari vikapumua: sindano haina hatia. Agosti mwaka huo Shirika la Afya Duniani likaondoa tahadhari yake juu ya sindano kwa wanawake walio kwenye hatari kubwa ya HIV.

Mimi nataka tusome namba ile nyingine, ile ambayo haikuwa swali. Wanawake 397 walipata virusi. Kwa kila wanawake 100 wakifuatwa mwaka mzima, karibu 4. Mengi ya maambukizi hayo yalitokea Afrika Kusini, kwa hivyo usiyamwage yote Kisumu. Lakini hawa hawakuchaguliwa kwa sababu ya kazi yao kama wale wa Majengo. Walikuwa wanawake wa kawaida waliotaka kupanga uzazi. Walipewa kondomu na ushauri kila walipokuja. Siku ya kwanza wanaingia, 18 kati ya 100 walikuwa na klamidia na 5 walikuwa na kisonono. Mwishoni mwa utafiti, klamidia ilikuwa bado 15 kati ya 100, kisonono bado 5. Na wengi wasingejua, kwa sababu klamidia kwa mwanamke mara nyingi haiumi wala haitoi chochote, huku kliniki zetu za umma zikitibu kwa kuangalia dalili. Huna dalili, huna ugonjwa, rudi baada ya miezi mitatu kwa sindano.

Kwa hivyo ECHO ilijibu swali la marafiki zangu kuliko makala yoyote niliyowahi kulipwa. Njia tatu nzuri sana za kuzuia mimba, kwa maelfu ya wanawake, chini ya macho ya wanasayansi, na magonjwa yakapita katikati yake kama hazipo.

Usinisikie nikisema acha sindano ushike kondomu peke yake. Kwa mimba, kondomu inayotumiwa vile watu hutumia, leo ndiyo na kesho tumesahau, huangusha zaidi ya wanawake 10 kati ya 100 kwa mwaka, wakati kijiti hakiangushi hata mmoja. Kile kinachozuia mimba vizuri zaidi hakigusi ugonjwa, na kile kinachogusa vyote kiko mkononi mwa mwanamume. Ndiyo sababu wauguzi wazuri hutaja vitu viwili kwa pamoja. Ukienda kliniki, uliza vyote viwili hata kama kadi ina nafasi ya kimoja: njia ya uzazi, na kipimo cha magonjwa. Tangu 2017 unaweza pia kuuliza PrEP, vidonge vya kuzuia HIV, bila kueleza wewe ni mke wa nani.

PrEP nayo inakinga HIV tu. Kisumu hiyo hiyo walijaribu kuziba pengo lililobaki: wanawake 449 wa miaka 18 hadi 30 waliokuwa kwa PrEP, nusu wakapewa doxycycline wameze baada ya ngono ili kuzuia klamidia, kisonono na kaswende. Kwa wanaume wa San Francisco na Seattle, mbinu hiyo ilikuwa imefanya kazi vizuri. Matokeo ya Kisumu yalichapishwa mwishoni mwa 2023: maambukizi 50 upande wa dawa, 59 upande usio na dawa, yaani hakuna tofauti ya kusema. Wanawake walikuwa wameripoti kwamba wanaimeza. Watafiti wakapima nywele zao. Kati ya sampuli 200, zilizokuwa na dawa ni 58.

Hakuna aliyewalaumu, na mimi siwezi. Kidonge kinakaa kwa pochi, pochi inakaa ndani ya nyumba, na nyumba ina watu wanaouliza hii ni ya nini. Siku hizi kuna kidonge kimoja kinachofanyiwa kazi, cha kumeza kila siku, ndani yake kukiwa na dawa ya kuzuia mimba pamoja na PrEP. Nilimweleza rafiki yangu mmoja, yule wa sindano, akaniuliza kama paketi itaandikwa ni ya kupanga uzazi. Nikamwambia sijui wataandika nini. Akasema kama itaandikwa ya kupanga uzazi, yeye ataichukua.